Shaba ilipochukua nafasi ya fedha Misri

MFALME Ptolemy II, wa ukoo wa Kigiriki ulioitawala Misri, alikuwa na nchi tajiri kwa nafaka lakini maskini kwa madini ya fedha. Karibu mwaka 260 Kabla ya Kristo, alitoa sarafu kubwa za shaba iliyochanganywa na bati, zitumike sokoni na katika kulipa kodi.

Kubwa kuliko zote ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 90. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mungu Zeus Ammon mwenye pembe ya kondoo dume. Upande wa pili tai, pamoja na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ya Mfalme Ptolemy".

Maneno hayo yalikuwa na uzito wake. Sarafu ya fedha ilithaminiwa kwa madini yaliyomo, ilhali ya shaba ilitegemea zaidi amri ya mfalme.

Hata hivyo, baadhi ya kodi zilidaiwa kwa fedha, na aliyezilipa kwa shaba alitozwa nyongeza. Hivyo, serikali iliyowataka raia waiamini shaba, yenyewe iliendelea kuipendelea fedha.