Mahari Ingoje Kidogo: Mtoto Anapoolewa Akiwa na Viza ya Kazi



Juma lililopita, tulipokwisha kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa Katuba alibaki kwenye kiti chake. Tulimuuliza kuna nini. Akasema: «Binti yangu ataolewa Marekani mwezi ujao, kwenye ofisi ya serikali. Mahari hatujapokea. Nimemwambia arudi kwanza, tumtoe kwa heshima. Anakataa. Anasema akitoka, dosie yake itakufa. Ni kweli, ao ameanza kutudharau?»

Binti huyo ni mhandisi wa kompyuta. Aliingia Marekani kwa viza ya kazi inayoitwa H-1B, na mchumba wake ni raia wa kule. Tuliona swali lake ni la wengi wetu, kwani nyumba nyingi zina mtoto aliye mbali. Basi tumetafuta jibu.

Binti hakudanganya. Mtu aliyeingia kihalali kwa viza ya kazi, akiolewa na raia wa Marekani, anaweza kuomba ukaaji wa kudumu palepale, bila kurudi kwao. Bwana anajaza fomu I-130, kuonyesha kwamba huyu ni mke wake. Bibi anajaza fomu I-485, kuomba kadi ya ukaaji. Fomu hizo mbili zinaweza kutumwa pamoja, kwa sababu mke ao mume wa raia hapangi foleni. Ni vilevile kwa kijana wetu anayeoa raia. Lakini kama mwenzake si raia, ana kadi ya ukaaji tu, foleni inaweza kuwapo. Hapo inafaa mtoto alinde viza yake ya kazi. H-1B kwa kawaida haipiti miaka 6.

Bwana anatia sahihi pia kwamba mapato yake yanatosha kutunza jamaa. Daktari aliyekubaliwa na serikali anampima bibi. Kisha ofisi inaweza kuwaita wote wawili na kuwauliza walikutana wapi, wanaishi namna gani, nani wa familia anajua ndoa yao.

Sasa habari ya safari. Dosie ikiwa bado mezani, anayetoka Marekani bila ruhusa ya kusafiri anahesabiwa kwamba ameiacha dosie yake. Ruhusa hiyo inaombwa mbele ya safari, kwa fomu I-131. Mwenye H-1B ana nafuu kidogo: anaweza kutoka na kurudi kwa viza hiyo, kama ingali halali na kama bado yuko kwenye kazi ileile. Lakini kama viza ya ndani ya pasipoti imekwisha, na ruhusa ile hana, itabidi aombe viza nyingine kwenye ubalozi kabla ya kurudi. Anaweza kunyimwa. Kwa hiyo tusimwambie mtoto «panda ndege kesho», hata kwa matanga, mbele hajaongea na avoka wake. Machozi yetu kwenye simu yanaweza kumfanya apoteze kazi na ndoa kwa siku moja.

Na mahari je? Kwa dosie, ndoa ya serikali iliyofungwa kule inatosha. Mahari ni heshima yetu, na heshima haipotei ikingoja. Familia mbili zinaweza kukaa pamoja huku, watoto wakitazama kwa simu. Foto za siku hiyo zitasaidia hata kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli. Neno moja tu: binti amweleze avoka wake siku ya sherehe, ili tarehe zisigongane kwenye karatasi.

Sisi wamama tuna kazi tatu.

Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kwetu mtoto anaandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita, ni lazima kupitia tribinali. Tuangalie majina yafanane na ya pasipoti. Cheti cha Kifaransa kitatafsiriwa kwa Kiingereza, na mtafsiri atatia sahihi yake.

Ya pili ni ukweli. Fomu zinauliza ndoa zote za zamani. Kama kijana wetu aliacha mke huku, asimfiche. Ndoa hiyo ivunjwe kisheria kwanza. Na tusimsukume mtoto aolewe na yeyote kwa ajili ya karatasi. Ndoa ya uongo ni kosa la jinai: kifungo mpaka miaka 5, faini mpaka dola 250,000, na mlango wa kuombewa tena na mume ao mke unafungwa.

Ya tatu ni kumlinda. Kama siku ya kupewa kadi ndoa haijatimiza miaka 2, kadi inakuwa ya miaka 2 tu. Katika siku 90 za mwisho, wote wawili wanapeleka fomu I-751. Bwana mwingine anaweza kutumia jambo hilo kutisha: «Nitakurudisha Kongo.» Mtoto ajue kwamba mke anayepigwa na mume raia anaweza kujiombea mwenyewe, bila sahihi ya mume, na bila mume kuambiwa. Kwa hiyo tusimwambie avumilie fimbo kwa sababu ya kadi.

Sheria za uhamiaji zinageuka mara kwa mara. Kila mtoto amwone avoka wa kweli kule, si mjuaji wa mtaani.

Mama wa Katuba alipiga simu jioni ile. Alianza kwa kumwomba binti yake msamaha. Wakwe watakuja mwezi wa tano, na sisi wa kikundi tutapika.