Mng'ao Mdogo Mgongoni mwa Tunutu

Trauti ni mgeni nchini Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Uskoti, na samaki hao wakapandwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Chakula walikikuta kinawangoja: chini ya mawe ya mito ile ya baridi huishi tunutu, wadudu wa majini ambao bado hawajaota mabawa. Anayevua kwa nzi bandia sharti ajue kumwiga mdudu huyo.

Mwalimu mkubwa wa kazi hii alikuwa Frank Sawyer, mtunza mto Avon wa Wiltshire, Uingereza. Hakutumia uzi wa kushonea hata kidogo. Alifunga nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege fezanti kwa waya mwembamba wa shaba, na waya huohuo ukamzamisha nzi. Waliomfuata wakaongeza utepe unaong'aa mgongoni.

Mng'ao huo una maana. Tunutu anapokaribia kujivua gamba, gesi hujikusanya chini ya ngozi yake, naye humeta akipanda kuelekea juu. Wakati huo hana pa kujificha, na trauti analijua hilo. Kwa hiyo nasisitiza: weka mng'ao mahali pamoja tu. Ukimpaka mdudu mzima, umetengeneza pambo.

Bana ndoana namba 14 kwenye jiliwa. Viringisha waya, ukiurundika karibu na tundu la ndoana ili kifua kinenepe. Funga nyuzi nne za unyoya, ncha zake zichomoze nyuma kama mkia. Sehemu zake zilizobaki zisokote na waya, uzizungushe kwenda mbele. Kabla ya kifua, funga utepe wa upana wa milimita 2 hivi. Kifua kikikamilika, ulaze utepe juu yake, kaza, kisha kata. Mtazame kwa ubavu: awe wa kahawia. Mgeuze kidogo: amete.

Mtoni, simama upande wa chini wa kidimbwi, umtupe nzi kule maji yanakotoka. Mwache azame na kuchukuliwa na mkondo bila kuvutwa, macho yako yakiwa kwenye mshipi. Mshipi ukisita, inua ufito mara moja. Usiposita, nzi akikaribia pale unapodhani samaki yupo, inua ncha ya ufito taratibu. Tunutu wako ataanza kupanda, na utepe utameta kwa wakati wake.