Naivasha: ziwa la wote, njia za wachache

Waridi tunalonunua madukani huku Ulaya huenda limetoka Naivasha, Kenya, ziwa la maji baridi lililo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema maziwa ni ardhi ya umma. Sawa. Lakini mvuvi atafikaje majini, ikiwa sehemu kubwa ya ufuo imezungukwa na mashamba ya maua, hoteli na nyua za watu? Amebakiwa na mialo michache, kama Kamere na Karagita, na mafuriko ya 2020 yaliifunika hata hiyo.

Asiye na mashua wala leseni huingia kwa miguu, maji kifuani, akivuta wavu gizani palipo na viboko. Wapo waliouawa. Wakubwa huwaita majangili, basi.

Hatukatai samaki walindwe. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa kwa sababu walikuwa wamepungua mno. Tunachouliza ni hiki: mbona doria humfuata mwenye wavu, na mwenye ua uliofunga njia ya kwenda ziwani haulizwi hati?