Swala na Chungu cha Jirani

  

Ndugu Waislamu, miongoni mwa sura ambazo watoto wetu huzihifadhi mapema chuoni ni Suratul-Maun, sura ya 107. Ina aya saba tu, na wengi wetu huisoma katika swala pale tunapokuwa na haraka. Huenda wepesi huo ndio uliotuzoesha kuipita bila kutishika. Sura inaanza kwa kuuliza habari za mtu anayeikadhibisha dini. Msikilizaji angetarajia atajiwe muabudu masanamu, lakini anatajiwa mtu anayemsukuma yatima na asiyehimiza masikini alishwe. Kisha onyo linawageukia watu wanaoswali: wale wanaoghafilika na swala zao, wanaofanya ili waonekane, na wanaozuia maun.

Maun ni nini? Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali na Ibn Umar (R.A.) kwamba ni zaka. Abdullah bin Masud (R.A.) yeye aliifasiri kuwa ni vyombo ambavyo watu huazimana: chungu, ndoo, shoka na mfano wa hivyo. Wanazuoni wengi wa tafsiri wakayakusanya maneno hayo mawili, wakasema kwamba neno hilo lachukua kila manufaa, kuanzia zaka iliyo faradhi hadi kile chombo kidogo ambacho kukitoa hakumpunguzii mtu chochote. Katika nyumba zetu tungesema ni kinu na mchi, ungo, mbuzi ya kukunia nazi, ngazi ya kupandia darini, au ndoo ya maji kwa jirani ambaye bomba lake limekauka.

Yafaa tujiulize kwa nini riyaa na unyimi wa vyombo vya jikoni vimewekwa pamoja. Mwenye kuswali ili asifiwe amekwisha kuchagua ni nani atakayemtazama. Yatima hana sifa ya kumpa, na chungu kilichoazimwa usiku kupitia mlango wa uani hakuna akionaye. Basi mtu huyo hana sababu ya kukitoa. Anayeswali kwa kujua kwamba Mola wake anamwona hawezi kudai kwamba Mola huyo haoni mlango wa uani. Kwa hiyo unyimi ule mdogo ni dalili ya maradhi yaliyomo ndani ya swala yenyewe.

Hapa tutahadhari na kauli inayosikika siku hizi vibarazani, kwamba moyo mwema watosha na swala ni ziada. Sura hiyo hiyo imewaonya wenye kuipuuza swala. Haikusema mtu achague kimojawapo.

Tumtazame Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, alieleza kwamba huenda akaingia katika swala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumwonea huruma mama yake. Hakuna aliyejua unyenyekevu katika swala kuliko yeye, na bado sikio lake lilisikia kitoto kinacholia katika safu za nyuma. Tena mafundisho haya yawahusu sana baadhi ya watu wazima katika misikiti yetu, ambao mtoto akilia humgeukia mama yake kwa jicho kali baada ya salamu.

Imepokewa pia na Imam Ahmad, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), habari ya mwanamke aliyetajwa mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa wingi wa swala, saumu na sadaka, isipokuwa alikuwa akiwaudhi majirani kwa ulimi wake. Mtume (S.A.W.) akasema huyo ni wa motoni. Akatajiwa mwingine, mwenye swala na saumu chache, ambaye sadaka yake ilikuwa vipande vya jibini kavu, wala hamuudhi jirani. Akasema huyo ni wa peponi. Tuone kwamba yule wa kwanza alikuwa akitoa sadaka, na huenda alitoa kuliko wa pili. Kumbe mkono unaweza kutoa huku ulimi unabomoa, na hasa pale tunapompa mtu unga asubuhi kisha jioni tukamsimulia mtaani.

Katika wema waliotangulia yupo Ali bin Husein, mjukuu wa Sayyidna Ali (R.A.), aliyenusurika Karbala mwaka 61 Hijria kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Watu walimpa lakabu ya Zaynul-Abidin, yaani pambo la wafanyao ibada, na pia Sajjad, kwa wingi wa sijda zake. Wapokezi wa habari zake wameeleza kwamba alipokuwa hai wako waliomdhania kuwa ni bakhili. Alipofariki Madina, ziko nyumba za mafukara, na wengine wametaja idadi yake kuwa 100, ambazo chakula kilichokuwa kikiwafikia usiku kilikatika. Wenye nyumba hizo hawakuwa wakimjua aliyekileta. Walipomwosha maiti wakaona alama nyeusi mgongoni mwake, ndipo ikajulikana kwamba zilikuwa ni za magunia ya unga aliyoyabeba mwenyewe gizani. Sugu la kipaji cha uso watu walikuwa wakiliona siku zote. Lile la mgongoni lilionwa na waosha maiti tu.

Ndugu msomaji, linganisha na desturi iliyoenea kwetu Ramadhani inapoingia. Mjane husimamishwa mbele ya kamera akiwa ameshika mfuko wa mchele, na mtoaji kasimama ubavuni pake anatabasamu. Kutoa hadharani si haramu. Qur'ani katika Suratul-Baqara imekusifu, ikasema kuficha na kuwapa mafukara ni bora zaidi, na huenda anayeonekana akawavuta wengine watoe. Lakini mtoaji anaweza kuonekana peke yake. Uso wa mjane yule ulikuwa na haki ya kusitiriwa, na wanawe wataiona picha ile wakiwa wakubwa. Sura hiyo ya Baqara imeonya kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka.

Wengine husita kutoa kabisa kwa kuchelea riyaa. Fudhayl bin Iyadh amenukuliwa kwamba kuacha jambo la kheri kwa ajili ya watu nako ni riyaa. Basi mtu atoe, kisha aishughulikie nia yake.

Na sharia imetuwekea njia nyepesi. Wanazuoni wengi wamesema si sharti mpokeaji wa zaka aambiwe kwamba hii ni zaka, maadamu anastahiki. Nia ni ya mtoaji. Imam Ahmad bin Hanbal alipoulizwa juu ya jambo hili aliona hakuna haja ya kumwambia mtu maneno yatakayomvunja moyo. Kwa hiyo mwenye duka aliyekwisha kuhesabu zaka yake anaweza kumpelekea shangazi yake mjane fedha ndani ya bahasha, akasema ni za matumizi ya watoto, na faradhi yake ikawa imetimia. Mama wa nyumba naye anaweza kumtuma mwanawe kwa jirani na kibaba cha unga ndani ya kile chungu kilichoazimwa jana, kikarudi kwa mwenyewe bila kuwa kitupu.