Je, Wajua? Soriasisi haina sura moja
Kwenye ngozi nyeusi, kama ya wengi wanaotibiwa kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Mulago, Kampala, mabaka ya ugonjwa wa soriasisi mara nyingi si mekundu: huwa ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea. Viwikoni na magotini huota magamba makavu. Kichwani hudhaniwa kuwa mba au mapunye. Kwapani na kinenani huwa laini, bila magamba, yakafanana na fangasi. Kagua kucha pia, maana vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano ni dalili inayosahaulika mno. Na soriasisi haiambukizi hata kidogo! Kumkwepa mgonjwa ndani ya taksi ni kumwonea. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitambua kuwa ugonjwa sugu usioambukiza.