Shina Moja, Mazingira Mengi: Mipangilio ya Programu ya Wavuti katika Java

Kila mwanafunzi wa isimu anajua ya kuwa shina «-zuri» halibadiliki. Twasema mtoto mzuri, kitabu kizuri, maneno mazuri. Kinachobadilika ni kiambishi, nacho hufuata ngeli. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java, lugha ambayo kampuni ya Sun Microsystems iliitoa mwaka 1995, yapaswa kufuata kanuni kama hiyo: programu ibaki moja, mipangilio ifuate mazingira.

Tuchukue mfano wa idara inayotunza kamusi. Programu yake huendeshwa mahali patatu: katika kompyuta ya mtungaji, katika seva ya majaribio, na katika seva ya kazi, ambamo yamo maneno yaliyokusanywa vijijini. Kila mahali pana anwani yake ya hifadhidata na neno lake la siri. Mtungaji akiziandika anwani hizo ndani ya msimbo, itambidi aubadilishe kila anapohama. Siku atakaposahau, jaribio lililokusudiwa kufuta maneno ya mfano litafuta maneno halisi. Huenda mzee aliyeyatamka amekwisha kufariki, na nakala ya akiba haikuwekwa. Nani ataulizwa tena?

Spring Boot, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2014, inatoa njia iliyo wazi. Mipangilio ya pamoja huandikwa katika faili liitwalo «application.properties». Ile ya mazingira maalumu huwekwa katika mafaili mengine, kwa mfano «application-dev.properties» kwa mtungaji na «application-prod.properties» kwa seva ya kazi. Mashine hutaja mazingira yake kwa thamani iwekwayo kabla ya programu kuanza: SPRING_PROFILES_ACTIVE=prod. Hapo programu husoma faili la pamoja, kisha faili la «prod». Panapotokea tofauti kati yake, la pili ndilo linalotawala. Kifurushi kilichojaribiwa ndicho kile kile kinachopelekwa kazini, bila kujengwa upya.

Maneno ya siri yana hukumu yake. Hayafai kuandikwa katika faili lolote linalosafiri pamoja na msimbo, kwa kuwa kila apataye nakala ya msimbo atayasoma, na kuyafuta baadaye hakuyaondoi katika kumbukumbu za matoleo ya zamani. Yawekwe katika mashine yenyewe, kwa mfano kwa jina SPRING_DATASOURCE_PASSWORD. Thamani iliyowekwa hivyo huishinda ile iliyomo katika mafaili.

Limebaki onyo moja. Mashine isipotaja mazingira yake, Spring Boot hairejei «prod» wala «dev». Hutumia yale ya kawaida, yaani faili la pamoja. Kwa hiyo anwani ya seva ya kazi isiwekwe kamwe katika faili hilo. Mwenye kusahau na akutane na programu inayokataa kuanza. Hilo ni kosa la dakika chache. Programu inayoanza kwa utulivu huku imeshika hifadhidata isiyo yake ndiyo ya kuogopwa.

Basi, kabla ya kuandika thamani yoyote katika msimbo, mtungaji ajiulize: je, hili ni shina, au ni kiambishi?