Kimekufa au Kimeugua? Kisa cha Kikuza Sauti cha Musanda

Wakenya tuna mazoea mabaya ya kuwazika wagonjwa ambao bado wanapumua. Nazungumzia vyombo. Redio ikinyamaza, twasema imekufa. Saa ikisimama, imekufa. Pasi ikikataa kupata moto, nayo imekufa. Neno likishatamkwa hivyo, kinachosalia ni matanga, na baada ya matanga, mchango wa kununua kipya. Hakuna anayeuliza marehemu aliugua nini.

Niliyakumbuka haya hivi majuzi nilipoitwa Musanda, katika Mumias Magharibi, Kaunti ya Kakamega, kuamua shauri la kikuza sauti cha gita la besi, chombo ambacho wanamuziki wetu hukiita ampu. Mpwa wangu na wenzake wanne wana bendi inayopiga katika harusi na mazishi. Jumamosi moja umeme ulipotea ghafla katikati ya shughuli. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo. Kikuza sauti kikatoa mlio mmoja, harufu ya kuungua ikatanda, na besi ikanyamaza.

Huenda msomaji akauliza: bendi haiwezi kupiga bila besi? Katika nchi ya Waluhya swali hilo lina jibu la kale. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, hakuhitaji umeme. Katika mtindo wake wa omutibo, kidole gumba ndicho kilichobeba besi kwenye gita kavu huku kidole cha shahada kikisuka sauti za juu. Benga ilipoenea, kazi ya gumba ilikabidhiwa gita la pekee, nalo likahitaji mtambo wake. Uzi mnene wa gita la besi hutikisika takribani mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito kiasi hicho hudai nguvu nyingi na spika pana. Ukiiunganisha na kikuza sauti kidogo cha gita la solo, utakuwa umetafuta maradhi ya pili.

Nilikuta bendi imegawanyika. Wengi walitaka chombo kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kisha kinunuliwe kipya kwa mkopo. Mpwa wangu alishikilia kitengenezwe kwa gharama yoyote. "Mjomba," aliniambia, "hiki ni cha baba." Hakika marehemu shemeji yangu alikinunua kwa malipo ya miwa, zama ambazo kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kilikuwa bado tegemeo la kila boma. Kiwanda hicho kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019 kwa sababu ya madeni. Nikaelewa kwamba kijana yule hakuwa akitetea mbao na nyaya tu. Hata hivyo, niliona pia kwamba pande zote mbili zilikuwa zimekata kauli kabla ya kujua chombo kina nini. Wale wa kipya waliongozwa na tamaa, huyu wa cha zamani na huzuni, na hakuna hata mmoja kati ya hizo awezaye kusoma mita.

Mimi si fundi wa umeme. Kazi yangu ni maneno. Lakini lugha yetu hapa hutufaa. Kiswahili kina kiambishi kidogo, -ik- au -ek-, kinachotuwezesha kusema kwamba kitu chatengenezeka, yaani kinakubali kutengenezwa. Hilo ni swali la kwanza, na mwenye jibu ni fundi. Swali la pili, iwapo kinastahili kutengenezwa, ni la mwenye mali. Aghalabu hasara zetu hutokana na kuyachanganya maswali haya mawili, au kulijibu la pili kabla ya la kwanza.

Tulikipakia kikuza sauti kwenye bodaboda hadi kwa fundi mmoja mjini Mumias. Jambo la kwanza alilofanya ni kutuonya tusiguse ndani, kwa kuwa kapasita huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Alipokwisha kuutoa umeme huo, alitazama fyuzi, akacheka bila furaha. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

"Mwalimu," alisema, "umeme ulimwumiza huyu mgonjwa. Lakini waliomvunja mguu ni wauguzi wake."

Ikadhihirika kwamba usiku ule fyuzi ilikuwa imekatika, kama ilivyoundwa kufanya. Mmoja wa vijana aliizungushia karatasi ile na kuwasha tena. Transista mbili za nguvu zilikuwa tayari zimeungua ndani kwa ndani na kuacha njia wazi. Kwa kuwa fyuzi haikuwapo kuzuia, umeme ulipita moja kwa moja hadi kwenye spika na kuichoma koili yake. Spika ya omu nane, ikipimwa kwa mita, huonyesha karibu sita. Hii haikuonyesha lolote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliuona ufa wakaupiga nyundo.

Kisha likaja jambo ambalo fundi aliliita moyo wa shauri, nalo ni transfoma. Aliitenga, akaiunganisha na umeme kupitia balbu ya kawaida. Balbu ingewaka kwa nguvu, ingekuwa ishara kwamba transfoma imeungua. Ilibaki giza. "Ingekuwa imeungua," alieleza, "ningewaambia mbakize kasha na spika, mashine muiache. Transfoma ya namna hii ni ghali, na kuipata ni taabu." Aliiangalia pia karatasi ya spika: haikuchanika, na sumaku ilikuwa imara. Kwa hivyo koili ingeweza kusukwa upya.

Sasa tuliweza kulijibu swali la pili. Transista, vipuri vidogo na ufundi vilifika shilingi 3,800. Kuisuka koili, shilingi 2,200. Jumla shilingi 6,000. Kikuza sauti cha mtumba chenye nguvu kama hizo kilikuwa kikiuzwa shilingi 24,000. Gharama ilikuwa robo ya bei ya badala yake. Mizani ninayoipendekeza ni hii: gharama isipofika nusu, na viungo vikuu vikiwa vizima, tengeneza. Ikizidi nusu, sita. Transfoma na spika vikiwa vimekufa pamoja, hapo tukubali kuzika, hata kama chombo ni cha baba. Mpwa wangu aliitikia kwa kichwa, ingawa niliona jinsi ilivyomwia vigumu.

Nina mashauri mawili zaidi. Kwanza, mlipe fundi kwa uchunguzi, hata akikwambia utupe. Fundi asiyelipwa ila anapotengeneza hana sababu ya kukuambia kwamba chombo hakitengenezeki. Pili, usimshurutishe kutumia vipuri vya bei ya chini kabisa. Transista bandia zimejaa sokoni, zikivaa majina ya zile halisi, nazo huungua mara tu zinapotwishwa mzigo. Wahenga walisema rahisi ghali.

Shauri hili si la Musanda pekee. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mnamo 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ufaransa, tangu Januari 2021, huwataka wauzaji wa baadhi ya vyombo kuonyesha kwa alama, hadi kumi, jinsi chombo kinavyotengenezeka. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtwika mtengenezaji wajibu wa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Ni hatua njema. Lakini taka iliyo nafuu kuliko zote ni ile ambayo haikutupwa, na anayeizuia ni fundi wa jua kali mwenye mita, balbu na subira.

Majuma mawili baadaye nilialikwa harusini. Kikuza sauti kilikuwa pembeni, kasha lake limechubuka vilevile, fyuzi halisi mahali pake. Umeme ulipopotea saa tisa alasiri, nilimwona mpwa wangu akiruka na kuchomoa waya ukutani kabla ya jambo lingine lolote. Uliporudi, alisubiri kitambo, akauchomeka, na besi ikaanza tena kutembea chini ya nyimbo.